Nyota Akistaafu, Timu ya Baiskeli Ianze na Nani?

Coastal Union ikiondokewa na mfungaji wake bora, bado ina Mkwakwani, ina wanachama ambao wazazi wao pia walikuwa wanachama, na ina jina la Wagosi wa Kaya ambalo hakuna mchezaji anayeweza kulitia kwenye begi akaondoka nalo. Timu ya kulipwa ya mbio za baiskeli haina hazina ya namna hiyo. Haina uwanja wa nyumbani wala haiuzi tiketi, kwa kuwa mbio hupita barabarani na mtazamaji husimama kando ya njia bila kulipa kitu; fedha za televisheni kwa sehemu kubwa hubaki kwa waandaaji wa mashindano; na hata jina linalosomeka kifuani mwa waendeshaji ni la mdhamini, ambalo hufutika mkataba unapokwisha. Ilicho nacho timu ni watu, na mara nyingi miongoni mwao yupo mmoja ambaye ndiye aliyemvuta mdhamini, ndiye anayetafutwa na kamera, na ndiye ambaye wenzake wote waliajiriwa kwa ajili yake. Mtu huyo anapotundika daluga, uongozi hupoteza mengi zaidi ya miguu yake.

Hapa Tanga baiskeli si chombo kigeni. Mji wetu ni tambarare, barabara za Ngamiani zimenyooka na kupewa namba, na tangu alfajiri utawaona watu wakienda kazini, sokoni na shuleni kwa baiskeli, wengine wakiwa wamempakia mtu kwenye karia. Lakini baiskeli kama mchezo wa kulipwa ilikuwa habari ya watu wachache mpaka Septemba 2025, ubingwa wa dunia ulipofanyika Kigali, kwa mara ya kwanza katika bara la Afrika. Vijana ninaoendesha nao siku za Jumapili, katika njia ya Pongwe kuelekea Muheza, walimtazama Tadej Pogačar wa Slovenia akishinda katika vilima vya nchi jirani kabisa, na tangu wakati huo wananihoji kuhusu usajili na mikataba kuliko kuhusu gia na tairi. Swali lao moja limenishughulisha kiasi cha kuona kwamba linastahili kuandikiwa kwa kirefu: nyota akiondoka, timu hujengwa upya vipi, na ianze na nani?

Jibu langu nalitoa mapema ili msomaji alipime kadiri tunavyoendelea. Naamini kazi ya kujenga upya haianzi kwa kumtafuta nyota mwingine. Huanza na wale waliokuwa wakimtumikia aliyeondoka, pamoja na uamuzi wa wazi kuhusu mbio ambazo timu inataka kuzishinda. Nyota mpya, akipatikana, huja mwishoni mwa kazi hiyo.

Kwa nini nianze na watumishi? Katika Tour de France, mashindano ya wiki tatu yanayogawanywa katika hatua, yaani mbio za kila siku, kila timu hupeleka waendeshaji wanane, na kwa kawaida mmoja wao ndiye kiongozi. Saba waliobaki humkinga na upepo, maana anayekaa nyuma ya mwenzake huokoa takriban thuluthi ya nguvu zake. Hushuka hadi kwenye gari la timu kumchukulia maji. Humpa gurudumu lao akipata pancha. Na akiachwa nyuma humrudisha kwenye kundi kuu huku wenyewe wakijimaliza. Kadiri miaka inavyopita, timu nzima huchukua umbo la mahitaji ya mtu huyo mmoja. Anayepigania milima huajiriwa wapandaji wepesi, na anayepigania mbio za siku moja katika barabara za mawe za Ubelgiji na kaskazini mwa Ufaransa huajiriwa watu wazito wenye nguvu za kusukuma dhidi ya upepo. Hata ratiba ya mazoezi, aina ya baiskeli na idadi ya wataalamu wa tiba ya misuli hupangwa kwa kumtazama yeye.

Nilipomweleza hayo fundi mmoja mzee wa baiskeli pale Ngamiani, aliweka spana chini kwanza.

“Kwa hiyo, mwanangu, hao saba hawajawahi kuamua lolote?”

“Wanaamua, mzee wangu, lakini kila wanachoamua ni kwa ajili ya mtu mmoja.”

“Basi tatizo lao si miguu,” akasema. “Wa mbele akishuka, wa nyuma hajui hata upepo unatokea wapi.”

Sijasoma maelezo mafupi na sahihi kuliko hayo katika maandishi yote ya mchezo huu niliyopata kuyapitia. Kinachopotea ni uamuzi wa barabarani: nani aseme sasa tufukuze, nani aseme tuwaache waende, nani abebe lawama jioni kwenye basi la timu.

Wengi wa viongozi wa timu, wakikutwa na pengo hilo, hukimbilia kununua nakala ya mtu aliyeondoka. Miguel Indurain alishinda Tour de France mara tano mfululizo, kuanzia 1991 hadi 1995, na Januari 1997 akatangaza kwamba anastaafu. Timu yake ya Banesto, chini ya José Miguel Echávarri na Eusebio Unzué, ilimkabidhi uongozi Abraham Olano, naye alikuwa Mhispania kama Indurain, hodari kama Indurain wa mbio dhidi ya saa, ambamo kila mmoja huendesha peke yake akipimwa muda, na bingwa wa dunia wa 1995 katika mashindano ambayo Indurain mwenyewe alishika nafasi ya pili. Kwenye karatasi asingepatikana mtu aliyefanana naye zaidi. Olano alimaliza wa nne katika Tour ya 1997, na mwaka uliofuata akashinda Vuelta ya Uhispania. Kwa mwendeshaji mwingine yeyote hayo ni mafanikio ya kujivunia, lakini kwake yalipimwa kwa kipimo cha mtu mwingine, na katika Vuelta hiyo hiyo mwenzake wa timu, José María Jiménez, mpandaji wa milima aliyependwa sana na watazamaji, alishinda hatua 4 na kumaliza wa tatu. Timu ilikuwa na kipaji cha aina nyingine kabisa ndani ya nyumba yake wakati wote ilipokuwa ikiutafuta mfanano.

Timu ya Trek nayo ilipita njia inayokaribiana na hiyo, lakini ikatoka salama kwa sababu ya usajili ambao haukupigiwa kelele. Fabian Cancellara, mshindi wa Tour of Flanders mara 3 na Paris–Roubaix mara 3, mbio kubwa za siku moja za barabara za mawe, alistaafu mwishoni mwa 2016, baada ya kupata dhahabu ya Olimpiki kule Rio katika mbio dhidi ya saa. Pengo lake lilizibwa kwa majina makubwa mawili: Alberto Contador kwa ajili ya mashindano ya wiki tatu, na John Degenkolb kwa ajili ya barabara za mawe. Contador hakudumu, Agosti 2017 alitangaza kwamba Vuelta ya mwaka huo ndiyo ya mwisho kwake, akaagana kwa kushinda juu ya mlima wa Angliru, na timu ikajikuta imeachwa na nyota wa pili ndani ya muda usiozidi mwaka mmoja na nusu. Degenkolb, ambaye Januari 2016 alikuwa amegongwa na gari mazoezini pamoja na wenzake wa timu yake ya zamani, alisubiri mpaka Julai 2018 ndipo akashinda hatua ya Tour iliyoishia Roubaix, akilia waziwazi mstarini. Ushindi ule ulikuwa mzuri mno, lakini haukuibeba timu.

Aliyeibeba ni kijana wa Denmark, Mads Pedersen, aliyesajiliwa kwa msimu huo huo wa 2017 bila shamrashamra. Mwaka 2018 alikuwa wa pili katika Tour of Flanders. Mwaka 2019, akiwa na umri wa miaka 23, alikuwa bingwa wa dunia kule Harrogate katika mvua isiyokatika. Na baadaye akashinda hatua katika Tour, Giro ya Italia na Vuelta, na Gent–Wevelgem mara 3. Jasper Stuyven, aliyekuwa ameendesha pamoja na Cancellara, alishinda Milano–Sanremo mwaka 2021. Ninapowaonyesha vijana wangu mfano huu huwaambia watazame tarehe: mtu aliyekuja kuwa sura ya timu alikuwa tayari yumo ndani yake siku ambayo magazeti yalikuwa yakiandika habari za Contador.

Timu ya Bora ya Ujerumani ilifanya jambo gumu zaidi, na kwa maoni yangu la busara zaidi. Peter Sagan, bingwa wa dunia mara tatu mfululizo na mwenye jezi za kijani 7 (tuzo ya pointi za wenye kasi) za Tour de France, aliondoka mwishoni mwa 2021. Hakuwa anastaafu bado, lakini kwa timu iliyoachwa tofauti ni ndogo, maana aliondoka na watu wake: nduguye Juraj, Daniel Oss na Maciej Bodnar walikwenda naye katika timu ya TotalEnergies. Ralph Denk, mkuu wa timu, hakutafuta Sagan mwingine. Alibadilisha lengo lenyewe, kutoka kwenye mbio za siku moja na hatua za kasi hadi kwenye msimamo wa jumla wa mashindano ya wiki tatu, yaani muda wa hatua zote ukijumlishwa, na akaleta watu wa kazi hiyo, akiwemo Jai Hindley wa Australia.

Giro ya Mei 2022 ilionyesha maana ya uamuzi huo. Katika hatua ya Torino, fupi na yenye vilima vilivyozungukwa tena na tena, Bora iliweka watu wake wote mbele zikiwa zimebaki kilomita zipatazo 80 na kuvunjavunja kundi lote, jambo ambalo timu inayomngoja mtu mmoja afanye miujiza haithubutu kulifanya. Wiki moja baadaye Hindley, akiwa nyuma ya Richard Carapaz kwa sekunde 3 tu, alimwacha katika mpando mkali wa Marmolada, na kesho yake akatwaa taji zima. Huyu ndiye Hindley aliyelipoteza Giro la 2020 siku ya mwisho kwa sekunde 39, akiwa katika timu nyingine. Sagan angekuwa bado kiongozi, nafasi za watu wanane za mashindano yale zingegawanywa kati ya malengo mawili, na naona si rahisi Hindley kupata msaada wote ule.

Kuna timu, Quick-Step ya Ubelgiji, ambayo haikuhitaji kubadilisha lengo kwa sababu haikuwahi kumwachia mtu mmoja lengo hilo. Tom Boonen, kipenzi cha Wabelgiji, alitangaza mapema kwamba Paris–Roubaix ya tarehe 9 Aprili 2017 ndiyo ya mwisho kwake. Wiki moja kabla ya siku hiyo, mwenzake Philippe Gilbert aliondoka peke yake katika Tour of Flanders zikiwa zimebaki kilomita 55 akashinda. Mwaka uliofuata, wa kwanza kamili bila Boonen, Quick-Step ilipata ushindi 73: Niki Terpstra alishinda Flanders, Julian Alaphilippe akashinda La Flèche Wallonne, Bob Jungels akashinda Liège–Bastogne–Liège. Patrick Lefevere, aliyekuwa akiiongoza, alizoea kuingia katika mbio hizo akiwa na watu wanne ambao kila mmoja angeweza kushinda, kiasi kwamba wapinzani hawakujua wamfuate yupi. Boonen mwenyewe, mwenye Roubaix 4, alikuwa mmoja wao. Alipoondoka, waliobaki walikuwa wamekwisha kuonja ushindi na walijua upepo unatokea wapi.

Lakini mfano ninaoupenda kuliko yote unatoka katika mbio za wanawake, na nasikitika kwamba hauzungumzwi inavyostahili. Anna van der Breggen wa Uholanzi, bingwa wa Olimpiki wa 2016, bingwa wa dunia wa 2018 na 2020, mshindi wa La Flèche Wallonne mara saba mfululizo, aliiambia timu yake mapema kwamba atastaafu mwishoni mwa 2021 na kwamba angependa kubaki kama mmoja wa wakurugenzi wake wa mbio, wale wanaokaa ndani ya gari la nyuma na redio wakipanga mwendo. Kwa msimu wake huo wa mwisho, SD Worx ilimsajili Demi Vollering, aliyekuwa bado hajashinda mbio kubwa.

Aprili 2021, katika Liège–Bastogne–Liège, van der Breggen alikuwa katika kundi dogo la mbele pamoja na Vollering. Alikuwa bingwa wa dunia, amevaa jezi yenye rangi za upinde wa mvua, na mbio hizo angeweza kuzidai ziwe zake. Badala yake alikaa mbele ya kundi na kulivuta kilomita baada ya kilomita ili asipatikane wa kutoroka, na Vollering akashinda katika mita za mwisho. Miezi michache baadaye, katika Giro ya wanawake, timu hiyo ilishika nafasi zote tatu za juu: van der Breggen wa kwanza, Ashleigh Moolman-Pasio wa Afrika Kusini wa pili, Vollering wa tatu. Kisha nyota akashuka baiskeli na kuingia kwenye gari. Mwaka 2023, van der Breggen akiwa miongoni mwa waalimu wake, Vollering alishinda Amstel Gold Race, La Flèche Wallonne na Liège katika majira yale yale ya kuchipua, na mwezi Julai akashinda Tour de France ya wanawake.

Nimelitazama jambo hili mara nyingi na kila mara naona ndani yake kitu ambacho fedha haziwezi kukinunua. Mrithi alikabidhiwa uongozi barabarani, mbele ya macho ya wote, na mtu mwenye haki ya kuutoa. Hakuna mwenzao ambaye angeuliza tena kama Vollering anastahili kuvutwa, kwa kuwa van der Breggen mwenyewe alikuwa amemvuta. Ndiyo sababu nasema muda wa kutangaza kustaafu ni sehemu ya ujenzi: dirisha la usajili hufunguliwa rasmi tarehe 1 Agosti kila mwaka, na timu inayopata habari mwezi huo huo huingia sokoni pamoja na wenzake wote huku kila mtu akijua ina shida, ilhali inayojua mwaka mzima kabla hupata msimu kamili wa kufundishana. Hata hivyo amani haikudumu milele kwa SD Worx. Lotte Kopecky, aliyekuja 2022, aliibuka kuwa bingwa wa kiwango kile kile, na Vollering akaondoka kabla ya msimu wa 2025. Timu yenye viongozi wawili hulipia wingi huo, na ni gharama ninayoiona nafuu kuliko ya kutokuwa na kiongozi hata mmoja.

Movistar ya Unzué, ambayo ndiyo Banesto ya zamani iliyobadilisha wadhamini, inatuonyesha upande wa pili. Mwishoni mwa 2019 waliondoka kwa pamoja Nairo Quintana, Mikel Landa na Carapaz, na huyu wa mwisho alikuwa ametoka kushinda Giro ya mwaka huo. Mzigo ukamrudia Alejandro Valverde, aliyeendelea kuendesha hadi umri wa miaka 42 na kustaafu baada ya mbio za Il Lombardia za 2022. Msimu huo timu ilikuwa katika hatari ya kushushwa daraja, kwa kuwa Shirikisho la Kimataifa la Mchezo wa Baiskeli, UCI, lilikuwa likijumlisha pointi za miaka mitatu ili kuamua timu 18 za daraja la juu, na ilibidi Enric Mas awe wa pili katika Vuelta na ashinde mbio za siku moja za Giro dell’Emilia ndipo watu wakapumua. Mwaka mmoja tu baada ya Valverde kustaafu, wakamwacha Matteo Jorgenson aende timu ya Visma. Mmarekani huyo alikulia ndani ya timu yao, alikuwa na umri mdogo, na alikuwa anajua kutumikia na kushinda pia. Msimu wake wa kwanza huko alishinda Paris–Nice, na wa pili akaishinda tena. Sijui mazungumzo ya mkataba yalikwendaje na sitamlaumu mtu, ila nikiulizwa ni nani aliyepaswa kushikwa kwanza baada ya Valverde, ningemtaja yeye kabla ya jina lolote la kununuliwa.

Ajabu ni kwamba timu ya wanawake ya Movistar hiyo hiyo ilijua kusubiri. Annemiek van Vleuten, mshindi wa Tour de France ya wanawake ya 2022, alistaafu mwishoni mwa 2023. Liane Lippert, aliyeshinda hatua ya Tour mwaka huo huo, alikuwa tayari yumo, na msimu wa 2024 ulipita bila timu kununua nyota kwa pupa. Kwa 2025 wakamleta Marlen Reusser wa Uswisi, na wasomaji waliofuatilia Kigali watamkumbuka, kwa sababu ndiye aliyekuwa bingwa wa dunia wa mbio dhidi ya saa siku ya ufunguzi.

Nimetaja pointi, na hapa kanuni zenyewe zinaunga mkono hoja yangu. Katika kipindi cha 2020 hadi 2022, UCI ilihesabu pointi za waendeshaji 10 bora wa kila timu. Tangu 2023 inahesabu za waendeshaji 20. Timu iliyojengwa juu ya mtu mmoja hubaki mikono mitupu akistaafu, kwa kuwa mtu wa kumi na tano anahesabiwa sasa, na mbio ndogo za siku moja ambazo zamani hakuna aliyezijali zimekuwa na thamani ya kumwokoa mwajiri. Kushushwa daraja ni jambo zito: mwaliko wa Tour de France hauwi tena haki ya timu, na mdhamini aliyelipa ili aonekane mwezi Julai hana sababu ya kubaki.

Na mdhamini ndiye mtu ambaye hata ujenzi mzuri kabisa hauwezi kumlazimisha. Discovery Channel, timu aliyostaafia Lance Armstrong mwaka 2005 kwa mara ya kwanza, kabla ya kuvuliwa mataji yake yote 7 ya Tour mwaka 2012, ilijijenga upya kwa kasi ya kushangaza: Julai 2007 ilishinda tena Tour kupitia Contador, na Levi Leipheimer akawa wa tatu. Mwezi uliofuata ilitangazwa kwamba timu itavunjwa, kwa sababu mdhamini alikuwa akiondoka na wa kumrithi hakupatikana. Kwetu Afrika jeraha la namna hiyo tunalijua. MTN-Qhubeka ya Afrika Kusini, chini ya Douglas Ryder, ilikuwa timu ya kwanza ya Afrika katika Tour de France, mwaka 2015. Daniel Teklehaimanot wa Eritrea alivaa jezi ya nukta nyekundu ya wapanda milima, na Steve Cummings alishinda hatua ya Mende tarehe 18 Julai, siku ya Mandela. Mwaka uliofuata, ikiitwa Dimension Data, ilimleta Mark Cavendish, naye akashinda hatua 4 za Tour. Kisha Cavendish akaumia, akaugua kwa muda mrefu, akaondoka mwishoni mwa 2019. Waliobaki walifanya kazi ya heshima kubwa: mwaka 2021, ikiitwa Qhubeka Assos, timu ilishinda hatua 3 za Giro kwa watu watatu tofauti. Mwisho wa mwaka huo ilifungwa kwa kukosa fedha.

Naitaja historia hiyo kwa uchungu kwa sababu vijana wetu wanamtazama Biniam Girmay wa Eritrea, mwenye hatua 3 na jezi ya kijani ya Tour ya 2024, na kumwona kuwa ndiye uthibitisho kwamba mlango umefunguka. Timu iliyomlea, Intermarché–Wanty, iliungana na Lotto mwishoni mwa 2025, naye akahamia kwingine. Mwafrika mmoja katika timu ya Ulaya hubaki nyota bila nyumba. Ili yawepo mazingira ya van der Breggen na Vollering kwa Waafrika, inahitajika timu ambamo wawe watano au sita, wazee kwa vijana, katika msimu mmoja.

Kwa msimu wa 2026 tuna nafasi ya kulitazama jambo hili likitokea mbele yetu. Remco Evenepoel ameondoka Soudal Quick-Step, timu aliyoingia akiwa kijana wa miaka 18 mwanzoni mwa 2019 na iliyogeuka kidogo kidogo kuwa ya msimamo wa jumla kwa ajili yake. Wao wamechagua kurudi kwenye barabara za mawe, na wamemchukua Stuyven pamoja na Dylan van Baarle, mshindi wa Paris–Roubaix ya 2022. Ni njia ya Bora iliyogeuzwa upande, na naiona ni ya haki kuliko kama wangezunguka sokoni wakimtafuta Evenepoel mwingine.

Nitaitazama zaidi UAE, timu ya Pogačar. Mwaka 2025 ilipata ushindi 95, ambao haujawahi kufikiwa na timu yoyote, na sehemu kubwa ya ushindi huo ilitoka kwa watu wasioitwa Pogačar: Isaac del Toro wa Mexico alikuwa wa pili katika Giro, João Almeida wa Ureno wa pili katika Vuelta. Mkataba wa Pogačar unafika 2030, na ukihesabu kwa kipimo cha SD Worx, kazi ya kumrithi inapaswa kuwa imeanza kabla muda huo haujakaribia. Juan Ayuso, ambaye wengi walimdhania kuwa ndiye mrithi, amekwisha kuondoka kwenda Lidl-Trek. Vijana wa Jumapili wananiambia ni pigo kwa UAE. Mimi namtazama del Toro, na nangoja kuona ni katika mbio zipi, na mwaka gani, Pogačar atakaa mbele ya kundi amvute.